Tanuri la Mama Tupo na Moshi wa Volkano

"Hivi mama yako anachoma matofali au anachoma watoto wetu?"

Swali hilo Gwakisa, baba yake Isaka, alimwuliza Tupokigwe asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa bado hazijaanza. Tupokigwe alikuwa anatoka bombani na ndoo ya maji kichwani. Alijibu kama alivyofundishwa nyumbani. "Shikamoo, Baba Isaka," alisema, akapita. Shikamoo yake haikuitikiwa.

Ubaruku ni mji wa mpunga mkoani Mbeya, na nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuna kilima cha pumba. Kwa hiyo watu wa huko huchomea matofali pumba, si kuni. Matofali mabichi hupangwa kama nyumba isiyo na mlango, pumba zikamwagwa katikati na juu, kisha ukuta wa nje ukasiribwa kwa udongo. Moto wa pumba hauna haraka. Hutambaa chini kwa chini siku nyingi, na mwenye tanuri lazima aulinde. Ukizimika njiani, tofali hubaki bichi, na mvua ya kwanza hulirudisha kuwa tope. Ukilimwagia maji likiwa na moto, hupasuka.

Eveline, mama yake Tupokigwe, ambaye watu walimwita Mama Tupo, alikuwa mjane. Yeye na bintiye waliishi katika chumba cha kupanga. Matofali yale aliyafyatua kwa mikono yake mwenyewe, jioni baada ya jioni, akitoka shambani. Yalikuwa ya nyumba yao. Ijumaa alimwomba Mungu, akawasha tanuri.

Kesho yake anga ikabadilika. Jua lilichomoza jekundu kama nyanya iliyoiva. Ukungu mkavu ukatanda juu ya majaruba ya mpunga, na hewa ikanuka kama njiti ya kiberiti inapowashwa. Watu wakaanza kukohoa. Isaka, ambaye alikuwa na pumu na kwao palipakana na tanuri, alishindwa kwenda shule kwa masomo ya ziada ya Jumamosi.

"Moshi huu wa nani?" watu waliulizana, na macho yao yote yakaenda kwenye tanuri la Mama Tupo, lililokuwa limesimama palepale likifuka.

Shuleni nako hakukukalika. "Binti Tanuri!" walimwita wenzake wa darasa la sita. "Usipige chafya, utatutolea tofali!"

Tupokigwe hakulia. "Na mwaka jana mlipokohoa," aliwauliza, "tanuri lilikuwa la nani?" Wakazidi kucheka.

Jumapili, baada ya ibada, mama yake alimpigia simu mdogo wake Paskalina, aliyekuwa akiishi Iringa. Hata salamu hazijaisha, Paskalina alianza kukohoa.

"Dada, huku kwetu kuna nini sijui," alisema. "Jua jekundu tangu jana. Hewa inanuka kiberiti."

Tupokigwe akaisogelea simu. "Mama Mdogo, na huko Iringa nani amewasha tanuri?"

"Tanuri gani tena, mwanangu? Mji mzima uko hivi!"

Jumatatu Gwakisa alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Danieli, akaomba mkutano. "Jumatano watu wakubali tuzime tanuri lile kwa maji," alisema. "Wasipokubali, maji nitayabeba mwenyewe."

Siku hiyohiyo, baada ya masomo, Tupokigwe alimfuata Mwalimu Lusekelo, aliyewafundisha sayansi.

"Mwalimu, moshi wa tanuri moja la pumba unaweza kufika Iringa?"

"Ukifika, basi hilo si tanuri, ni garimoshi," mwalimu alisema. Alipoona kwamba mtoto hacheki, akafungua kompyuta yake. "Kaa hapa. Kuna setilaiti za hali ya hewa zinazoitazama Afrika usiku na mchana kutoka juu sana. Zinapiga picha za mawingu, na picha hizo yeyote anaweza kuzitazama. Baadhi ya setilaiti huona hata gesi ambayo macho yetu hayaioni. Gesi ya salfa inayotoka kwenye volkano, ile inayonuka kama kiberiti, humeza sehemu ya mwanga wa jua. Setilaiti inaona mwanga umepungua, na kompyuta inapaka rangi mahali hapo ili nasi tuone."

"Mwalimu, nitafutie picha inayosema mama hana kosa."

Mwalimu Lusekelo akauondoa mkono kwenye kompyuta. "Hiyo sitafuti. Nitatafuta picha ya kilichopo. Ukiitaka hiyo, kaa. Usipoitaka, nenda nyumbani."

Tupokigwe alikaa.

Waliziona. Siku moja kabla tanuri halijawashwa, doa la rangi nyekundu lilikuwa mashariki ya Kongo, juu ya mlima wa volkano uliokuwa unatema moto. Ijumaa doa lilinyooka kama ulimi, likavuka Ziwa Tanganyika. Jumamosi lilikuwa limefunika Mbeya, na Jumapili likafika Iringa.

"Basi tumeshinda!" Tupokigwe aliruka.

"Jumatano asubuhi tutatazama tena," mwalimu alisema. "Picha za jana hazielezi mambo ya leo."

Jumatano asubuhi walitazama. Doa lilikuwa limekwenda zake kuelekea baharini, na juu ya Ubaruku hapakuwa na rangi yoyote. Jua siku hiyo lilikuwa jeupe. Lakini Tupokigwe alipokuwa akichota maji alfajiri alikuwa amemsikia Isaka akikohoa ng'ambo ya ua, kikohozi cha kukata pumzi.

Alirudi nyumbani akamweleza mama yake. Eveline alikuwa akiziba ufa kwenye tanuri, mikono imejaa udongo.

"Hiyo picha ya mwisho iache," mama alisema polepole. "Onyesha zile za kwanza tu."

"Mama, na wewe?"

"Ni nyumba yetu, Tupo."

"Najua, Mama. Lakini Baba Isaka ametusingizia kwa sababu aliona kitu kimoja akaacha vingine. Nami nifanye hivyohivyo?"

Mama yake alichota udongo mwingine. Aliendelea kusiriba.

Mkutano ulifanyika katika chumba cha darasa. Gwakisa alizungumza kwanza, na alizungumza kwa uchungu. Alisema mji mzima umeugua kwa ajili ya tanuri la mtu mmoja. Alipokaa, Tupokigwe alisimama.

"Kaa chini," Gwakisa alisema. "Mtoto hasimami kwenye mkutano wa wakubwa."

"Uliponiuliza njiani nilikuwa mtu mzima, Baba Isaka?"

Watu wakaguna. Mzee Danieli aliinua mkono. "Mwacheni aseme. Lakini useme kwa adabu, binti."

Mwalimu Lusekelo aliiweka kompyuta mezani, na watu wakasogea. Tupokigwe akaonyesha kwa kidole: volkano hii hapa, ziwa hili hapa, Mbeya, Iringa.

"Upepo wetu msimu huu unatoka mashariki," Gwakisa alisema. "Kongo iko magharibi. Huo moshi umekuja kinyumenyume?"

Wengi wakacheka. Tupokigwe alisubiri wamalize.

"Upepo wa mashariki ni huu wa chini, unaopeperusha nguo kwenye kamba. Wa juu una njia yake. Wiki iliyopita ulitoka magharibi, ukaibeba gesi, kisha ikatushukia." Akamgeukia mwalimu, naye akatikisa kichwa kukubali. "Au niambieni, wazazi wangu. Jua la Iringa nalo lilichafuliwa na mama yangu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alisema, "Basi tumemwonea mjane wa watu."

Tupokigwe angeweza kukaa hapo. Alimtazama mama yake, akafungua picha nyingine.

"Hii ni ya leo asubuhi. Gesi imeondoka."

Gwakisa aliruka kutoka kwenye dawati. "Mnaona? Imeondoka, na mwanangu huyu hapa bado anakohoa! Sasa hicho ni nini kama si tanuri?" Isaka alikuwa ameketi kando yake, mabega yakipanda na kushuka.

"Sijui yote, Baba Isaka," Tupokigwe alisema. "Setilaiti haioni kitu kidogo kama tanuri letu. Haiwezi kusema kwamba moshi wetu haumdhuru Isaka. Nafikiri unamdhuru. Lakini ulisema mji mzima, na hilo si kweli. Picha hii ningeweza kuificha, sikuificha. Na wewe usifiche zile nyingine."

Eveline akasimama. Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Mwanzoni mimi nilitaka aifiche. Tanuri nimelijenga karibu mno na kwa Isaka. Litakalofuata nitalijenga kule ng'ambo ya mfereji wa maji ya mashamba, mbali na nyumba za watu. Lakini hili halimwagiwi maji. Anayetaka kulimwagia ataanza na mimi."

"Hakuna atakayemwaga maji," Mzee Danieli alisema. "Nyufa zizibwe zote leo, vijana watasaidia. Isaka akapimwe zahanati, kisha alale kwangu mpaka moto uishe. Kwangu ni mbali na tanuri, moshi wake haufiki." Akawageukia watoto waliokuwa wakichungulia dirishani. "Nanyi wanafunzi, sikilizeni. Mtu akikohoa, tafuta kinachomkohoza kabla hujatafuta wa kulaumu. Na ukipata ushahidi, ulete wote, hata ule unaokuuma. Tupokigwe ameleta wote, ndiyo maana leo tunamwamini."

Kisha akamtazama baba yake Isaka. "Gwakisa, una neno kwa Mama Tupo?"

Gwakisa alimtazama Eveline, akaitazama kompyuta, akamtazama mwanawe. Alivua koti lake, akamfunika Isaka mabegani, akamwinua na kumbeba mgongoni ingawa alikuwa mtoto mkubwa. Walipotoka nje watu walinyoosha shingo madirishani waone ataelekea wapi. Hakugeukia upande wa tanuri. Alishika njia ya zahanati, kama Mzee Danieli alivyosema.