Vipande Sitini na Vinne

Walikutana wakigombea ekstensheni. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, watu wamebanana bega kwa bega, kila duka na spika yake na kila spika na wimbo wake. Kinyozi alinyoosha mkono kuchukua ekstensheni ya mwisho iliyoning'inia. Mkono mwingine, wenye kucha za zambarau, ukaidaka upande wa pili.

"Kaka, achia. Nina kazi saa kumi."

"Dada, mimi nimemwacha mteja kitini na nusu kichwa."

Msichana akaangua kicheko hadi mkoba ukamtoka begani. Alivaa suruali pana nyeusi na shati la kiume lililokunjwa mikono, hedifoni shingoni kama mkufu. "Nusu kichwa! Chukua basi, usije ukapigwa. Lakini nipe namba yako, nikihitaji kuazima."

Aliazima siku ya pili yake. Ya tatu alikuja kuirudisha, wakazungumza mpaka wateja wakaanza kukohoa.

Walimwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, na kazi yake ilikuwa udijei wa sherehe. Hakuwa wa kuweka wimbo na kukaa. Nyumbani, kwenye kompyuta, alizikata nyimbo vipande: ngoma peke yake, besi peke yake, kiitikio, hata pumzi ya mwimbaji kabla hajafungua kinywa. Kila kipande akakipa kitufe chake kwenye kisanduku chenye vitufe sitini na vinne vya kuwaka taa. Mbele ya watu vidole vilirukaruka juu ya vitufe hivyo, na nyimbo tatu za zamani zikazaa wa nne ambao hakuna aliyewahi kuusikia.

"Ujanja ni kukata palepale pigo linapoanza," alimwambia kinyozi. "Ukichelewa kidogo tu, kipande kinachechemea na watu wanakanyagana."

"Kwangu nikichelewa kidogo, mtu anaondoka bila sikio."

"Ndiyo maana nakupenda, mpenzi. Una adabu na makali."

Miezi mitano ikapita kama asali kooni. Kisha mchana mmoja kinyozi akamkuta amefumba macho, akirudia kipande kimoja tu: sauti nzito ya mwanamume ikisema "rudi kwangu". Rudi kwangu. Rudi kwangu. Mara ishirini.

"Nani huyo?"

"Mwimbaji mmoja."

"Mmoja yupi?"

Chiriku akafumbua macho. Hakuwa mtu wa uongo. "Nilikuwa naye kabla yako, miaka miwili. Tuliachana, sauti yake ikabaki nzuri. Sasa nifanyeje?"

Tangu siku hiyo kinyozi hakuwa na raha. Mteja akisema punguza kidogo, yeye anamaliza nywele zote. Na simu hazikwisha.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nyumbani, nakata."

"Unamkata nani?"

"Nakata wimbo, jamani! Nani hukata mtu?"

"Wake?"

"Wake."

"Wengine wote unawapa vitufe vinne vinne. Yeye umempa kisanduku kizima."

"Kwa sababu wimbo wake una nyama. Hebu niambie, daktari akimpasua mgonjwa, mume wa daktari hununa nyumbani?"

Kinyozi hakucheka. Alhamisi alipokuwa nyumbani kwa Chiriku, msichana akatoka kuanua nguo. Kompyuta ilikuwa wazi. Kinyozi akaliona jalada la vipande, jina la yule mwimbaji juu yake. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta, na wivu ukamjibia. Akafuta na nakala ya akiba.

Jumapili ilikuwa harusi. Chiriku alipendeza, gauni la kijani na nywele zimefungwa juu. Alipofika kwenye wimbo alioutayarisha kwa wiki sita, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza kingine. Kimya. Watu mia mbili wamebaki mikono hewani. Akainua macho, akamtafuta kinyozi kati ya wageni, na uso wa kinyozi ukasema kila kitu. Akamalizia sherehe kwa nyimbo nzima nzima, kama redio. Mjomba wa bibi harusi alisinzia.

"Ni wewe?" Chiriku alimuuliza nje, akifunga nyaya.

"Ni mimi."

"Yule nyimbo zake anazo kwake, hajapungukiwa hata herufi. Umefuta wiki zangu sita."

Kinyozi alimpigia simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokewa.

"Sema."

"Nifanye nini unisamehe?"

"Njoo kesho asubuhi. Njoo na masikio."

Chiriku akamkalisha mbele ya kompyuta, akamwekea wimbo mzima wa yule mwimbaji. "Vipande sitini na vinne. Kwa mkono wako."

Kila asubuhi kabla ya kufungua saluni yake, kinyozi alikaa na sauti ya mtu aliyemchukia. Siku ya kwanza alikata akiuma meno. "Kinachechemea," Chiriku alisema nyuma yake. "Rudia." Siku ya nne aligundua kuwa yule bwana huvuta pumzi kwa pua kama mwenye mafua, akacheka peke yake. Siku ya saba akagundua kuwa wimbo ulikuwa mzuri kweli, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Siku ya tisa Chiriku akaweka vidole kwenye vitufe, akavijaribu kimoja baada ya kingine. Hakuna kilichochechemea.

"Kipi kizuri kuliko vyote?"

"Ile pumzi kabla ya kiitikio," kinyozi alisema. "Inaniuma kukuambia."

Chiriku akageuka. "Bado una wivu?"

"Bado. Sikufichi, unanichoma hata sasa hivi."

"Wivu wako nitaumudu. Mikono yako ndiyo iliyonitisha."

"Imekoma, naapa. Chiriku, nataka nikuoe. Nije lini kwenu kujitambulisha?"

Chiriku akabonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kingine, kama anayepiga hesabu. "Jumapili saa tisa. Uvae vizuri. Mama yangu hasamehi upesi kama mimi."

Kinyozi akamshika mkono, akaubusu. Kisha akashindwa kujizuia.

"Mama tu? Hakuna mwingine atakayekuwepo?"

Chiriku akamrushia mto usoni.