Jina la Bénite

Nyumbani kwa Mama Emérence walikula wali tu, lakini kila jioni Kanyere alisikia harufu ya mihogo iliyooza majini.

Ulikuwa wakati wa waasi. Mama Emérence, muuza vitenge wa Butembo, alimchukua msichana huyo kutoka kijiji cha Mutwanga akiahidi kumsomesha. Badala ya shule alimpa ndoo, vyungu na mlango wa kufuli. Siku alipofika alimwambia, "Hapa utaitwa Bénite."

"Jina yangu ni Kanyere, mama."

"Ile ni ya shamba. Iache huko na vumbi yako."

Harufu ilipoingia, sauti ilifuata kutoka nyuma ya pipa la maji, laini kama ya mtu mwenye kiu: "Bénite." Kanyere aliendelea kusugua chungu. Kwao mtoto hufundishwa kutoitikia sauti ambayo mwenyewe haonekani.

"Mbona hauitike?" Mama Emérence alinong'ona dirishani.

"Ni nani, mama?"

"Itika tu."

Jumapili, Orpa, dada ya Mama Emérence, alikuja kutembea. Kanyere akiosha sahani aliwasikia sebuleni.

"Na Bénite, binti yako wa Kampala, angali anagonjwa?"

"Hapana. Tangu huyu wa jikoni abebe jina yake, ile kitu inamuacha. Ilinipatia biashara, sasa inataka mutoto wangu. Huyu akiitika, itabeba yeye."

"Lakini Emérence, ni mutoto wa mutu."

"Na wangu ni wa mbuzi?"

Jioni hiyo harufu ilipita chini ya mlango kabla taa haijawashwa, na maji ya pipa yakaanza kutikisika bila kuguswa, na sauti ikaita, ikaita tena, sasa karibu kabisa na sikio la Kanyere, mpaka akahisi jina lile likimpanda ulimini kama lake la kuzaliwa.

"Miye hapana Bénite," akasema. "Miye ni Kanyere, wa Mutwanga. Bénite iko Kampala."

Maji yakatulia. Harufu ikatoka. Mama Emérence, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alifungua kufuli kwa mikono yake, akakimbia peku kuelekea njia ya Uganda, akilia jina la binti yake. Mlango ukabaki wazi.

Kanyere alirudi kwao juu ya gari la ndizi. Jioni moja, kutoka nyuma ya nyumba, sauti ya mama yake ilimwita: "Kanyere."

Alisimama, hakuitika. Alikumbuka kwamba alikuwa amekitajia kitu kile jina lake, na kijiji chake. Akanusa hewa kwanza.

Mama yake alikuwa amelowesha mihogo tangu juzi. Uwanja mzima ulinuka harufu ileile.