Jerikeni ya Tano

Qabale alizipanga jerikeni zake za maziwa mlangoni, akazihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Akatazama nyuma ya nyumba. Akainama, akatazama chini ya kitanda. Jerikeni ya tano haikuwepo, na leo ilikuwa siku ya nne tangu ipotee.

"Imeota miguu, au vipi?" alijiuliza.

Qabale alikuwa mtu wa kuuliza. Hata siafu wakibadilisha njia, atataka kujua kwa nini. Majirani walimcheka kwa hilo, lakini walimwamini. Kila alfajiri wanawake sita walimletea maziwa ya ng'ombe wao. Mumewe, Halake, aliyapeleka mjini Garsen kwa pikipiki. Jioni Qabale aliosha jerikeni zote kwa maji ya moto. Kisha aliacha kikombe kimoja cha maji safi ndani ya kila jerikeni mpaka asubuhi, ili mabaki ya maziwa yasikaukie ndani na kunuka. Ndivyo mama yake alivyomfundisha.

Sasa pikipiki ilikuwa imeanza vituko. Juzi ilizimika njiani. Jana ilikataa kuwaka kwa saa nzima, na maziwa yakachacha. Barwako, mwenye hoteli kule Garsen, aliyamwaga yote mbele ya Halake. Akasema, "Kesho nataka maziwa kabla ya saa tatu. Yakichacha tena, nitanunua kwa watu wengine."

Wanawake sita walikuwa wanategemea maziwa hayo. Qabale hakulala vizuri.

Basi asubuhi hiyo, saa moja na nusu, Halake alibonyeza stata. Injini ikazunguka, nywe-nywe-nywe-nywe. Haikuwaka. Akabonyeza tena, akashikilia kwa muda mrefu. Nywe-nywe-nywe.

"Betri imekufa!" alisema kwa hasira.

"Betri ikifa, injini inazungushwa na nani?" Qabale aliuliza.

Halake alimtazama. Swali hilo lilimuudhi zaidi. Akashikilia stata tena.

"Wacha, Halake! Utaimaliza hiyo betri kweli. Ngoja nimwite Mwanaarusi."

"Mwanaarusi ni mkulima. Anajua pampu ya maji tu."

"Na pampu ina nini ndani? Si injini?"

Hakungoja jibu. Alikimbia mpaka mtoni, ambako Mwanaarusi alikuwa akimwagilia migomba yake. Mwanamke huyo wa Kipokomo alikuwa na pampu ya petroli kwa miaka sita, na fundi wa kuitengeneza alikuwa yeye mwenyewe. Alipoambiwa, alizima pampu, akachukua spana mbili na chupa tupu ya soda, ile ya plastiki isiyo na rangi.

"Chupa ya nini, dada?" Qabale aliuliza wakiwa njiani.

"Utaona. Wewe na maswali yako!"

Walipofika, Mwanaarusi alisalimu, akajifunga leso kiunoni. "Haya, shemeji. Ondoa mkono kwenye stata. Hiyo si kengele ya mlango."

Halake alicheka bila kutaka.

"Injini inazunguka," Mwanaarusi alisema. "Kwa hiyo betri ni nzima na stata ni nzima. Tusihangaike nazo. Ili iwake, injini inataka vitu vitatu tu: petroli, hewa na cheche ya moto. Tutauliza kimoja kimoja. Tunaanza na vilivyo rahisi."

Alitazama swichi nyekundu ya kuzimia injini, pale kwenye usukani. Ilikuwa sawa. Akatazama koki, ule mfereji mdogo unaofungulia petroli chini ya tangi. Ilikuwa wazi. Akafungua chujio la hewa, akalipuliza. Halikuwa limeziba.

"Hewa ipo," alisema. "Sasa cheche. Cheche tunaipima kabla hatujamwaga tone la petroli. Usichanganye moto na petroli hata siku moja. Qabale, sogeza jiko lako mbali."

Qabale alilipeleka jiko nyuma ya nyumba, akarudi mbio asipitwe. Mwanaarusi alifungua plagi, kile kidude cha kutoa cheche, kwa spana. Akairudisha kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka.

"Bonyeza kidogo, shemeji. Kidogo nimesema!"

Kwenye ncha ya plagi kukaruka cheche ya buluu. Ta! Ta!

"Lo!" Qabale alisema. Alikuwa amepanda pikipiki hiyo miaka mitatu, na hakujua kuna kitu kama hicho ndani yake.

"Cheche ipo, na ina nguvu. Kimebaki nini?"

"Petroli," Qabale alijibu.

"Petroli ipo!" Halake alisema. "Tangi limejaa nusu. Nilijaza mwenyewe Jumamosi."

"Ipo, nimekubali. Lakini ni petroli kweli?"

Mwanaarusi alifunga koki. Akaweka chupa chini ya kabureta, kile kikopo kinachochanganya petroli na hewa, akalegeza skrubu ndogo iliyoko chini yake. Kilichokuwa ndani kikachuruzika chupani. Aliinua chupa kwenye jua, akaituliza. Wote watatu wakasogeza vichwa.

Ndani ya chupa kulikuwa na tabaka mbili. Juu, petroli kidogo. Chini, kitu cheupe kama maji.

"Ni maji," Qabale alinong'ona.

"Maji hasa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini. Na injini hunywa kutoka chini ya tangi. Siku nyingine yanatikisika, inapata petroli, inawaka. Siku nyingine inapata maji. Cheche haiwezi kuwasha maji."

Halake alisimama, macho mekundu. "Ni Dabaso! Ndiye aliyeniuzia. Amechanganya maji! Leo nikifika Garsen, Garsen nzima itamjua kuwa ni mwizi."

Dabaso aliuza petroli karibu na soko. Qabale alimjua. Alikuwa mtu mpole, na watu wengi walinunua kwake. Mbona pikipiki zao zinawaka? Akamgeukia Halake.

"Ulibebea nini hiyo petroli?" aliuliza.

"Jerikeni."

"Jerikeni gani?"

Halake alikuna shingo. "Ile... moja ya zako. Niliichukua Jumamosi. Nilikuwa na haraka. Iko kwenye zizi la ndama."

"Jerikeni yangu ya tano!"

Kisha Qabale akakumbuka kikombe chake cha maji safi, kile anachokiacha ndani kila jioni. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Ulimwaga maji yaliyokuwa ndani?"

"Maji gani?"

"Basi si Dabaso," Qabale alisema. "Ni mimi niliyeyaacha, na ni wewe uliyeyabeba. Maskini mtu wa watu, ungemwita mwizi sokoni!"

Halake alikaa chini. Aibu ilimpata na yeye. Mwanaarusi alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwisho wote walicheka.

"Haya, jua halitungoji," Mwanaarusi alisema.

Walichomoa mpira wa petroli, wakatoa yote iliyokuwa tangini na kuiweka kwenye ndoo kuukuu. Hawakuimwaga mtoni, maana watu na ng'ombe wanakunywa humo. Walikausha plagi kwa kitambaa, wakarudisha kila kitu. Mwanaarusi alitoa petroli safi ya pampu yake, lita mbili. Wakafungua koki, wakangoja kidogo.

"Sasa, shemeji. Bismillahi."

Nywe-nywe... Vuuum!

Qabale alipiga kigelegele. Leo alipanda nyuma na yeye, jerikeni nne zikiwa zimefungwa pembeni. Walifika Garsen saa tatu kasoro dakika tano. Barwako alimimina maziwa kidogo kwenye sufuria, akaweka motoni. Maziwa yaliyochacha hukatika yakichemka. Qabale alishika mikono yake mwenyewe. Maziwa yalifura, yakapanda meupe, laini, mpaka ukingoni.

"Leteni na kesho," Barwako alisema.

Kabla ya kurudi walipita kwa Dabaso. Halake alimsalimu kwa mikono miwili, mpaka Dabaso akashangaa. Akanunua kwake lita tano za petroli na jerikeni mpya nyekundu. Qabale aliifungua kwanza, akaipindua, akaitikisa. Ilikuwa kavu. Jerikeni ile ya tano haikurudi kwenye maziwa kamwe, maana chombo kilichobeba petroli hakibebi tena chakula. Qabale aliikata shingo, akapanda mchicha ndani yake.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, pampu ya Mwanaarusi ilizunguka lakini haikuwaka. Kabla hajashika spana, alimwona Qabale, aliyeisikia ikikataa, anateremka mtoni mbio, chupa tupu ya soda mkononi.

"Dada, usiguse!" Qabale alipaza sauti. "Leo nauliza mimi!"