Kidole Kilichobaki Kazini

"Hakufukuzwa huyo, mama. Alijifukuzisha mwenyewe!"

Ndivyo alivyoniambia binti yangu mbele ya majirani, mikono kiunoni. "Mtu mzima anapeleka barua kazini kusema akili imechoka. Akili inachoka kama miguu?"

Nikamjibu, "Miguu ikichoka mtu hukaa. Akili ikichoka, atakaa wapi?"

"Basi akakae kwako."

"Kwani sasa yuko kwa nani?"

Tukanuniana miezi miwili kwa neno hilo. Nami ningenyamaza, lakini yeye kashalieneza la kwake mtaa mzima, na uongo ukitangulia kufika ndio unaopewa kiti. Kaa hapa nikwambie lilivyokuwa.

Aliyekuwa akisemwa ni mjukuu wangu, Kitinda. Ni mtoto wa mwisho wa mwanangu wa kiume, ndiyo maana tukamwita hivyo, na nimemlea mimi. Alikuwa anapiga pasi mashuka kwenye kiwanda cha kufulia. Usidhani ni pasi hii ya mkononi. Ni bomba la chuma lenye moto, urefu wake vitanda viwili, linazunguka. Wawili wanalilisha shuka upande huu, wawili wanalipokea upande ule limeshanyooka. Mashuka ya mahoteli, mashuka ya hospitali. Miaka sita, mwenzangu, katika mvuke ule.

Ugonjwa ulimwanzia kwenye yale ya hospitali. Alikuwa akirudi ananiambia, "Bibi, leo tumelisha mashuka mia nne, na kila shuka nawaza nani kalilalia mwisho." Mwanzo tulicheka. Baadaye akaacha kula. Baadaye akawa analia akifunga viatu. Nikampeleka mwenyewe kwa daktari wa akili, na daktari yule alimsikiliza siku moja zaidi ya shangazi yake, huyo binti yangu, alivyomsikiliza tangu azaliwe. Hakutaja wazimu. Akaandika barua: huyu amechoka, apumzike wiki tatu, na hivi hapa vidonge.

Meneja wao walikuwa wamempachika jina Bwana Dakika, maana ukimsalimia anatazama saa. Barua akaipokea kwa mikono miwili. "Pumzika, mwanangu. Kazi haikimbii." Kitinda aliponisimulia nikaguna. Bosi akikupokelea kwa mikono miwili, mtazame miguu.

Sasa siku ya pili ya mapumziko, asubuhi, tunakunywa chai, nikasikia harufu ya nguo inayoungua pasi. Nikaenda jikoni, hakuna moto. Pasi yetu iko juu ya kabati, waya umeviringwa. Narudi, harufu iko pale pale, inatoka kwa Kitinda.

"Umepiga pasi?"

"Sijapiga, bibi."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, isipokuwa dole gumba la kulia. Hilo lilikuwa baridi kama la maiti. Na redio ndiyo kwanza inasema saa moja kasoro dakika mbili.

Nikasema ni vidonge. Kesho yake dakika ile ile, ikawa vile vile. Keshokutwa vile vile. Anaketi kwenye kochi kutwa nzima, jioni mabega hayainuki. Michirizi ya moto ikaanza kumtoka mikononi, ile wanayoipata wakigusa bomba. Na mikono yake, jamani. Ilikuwa mapajani inakwenda mbele, inarudi, inakwenda mbele, inalisha kitu nisichokiona. Ukiizuia inatulia. Ukiiachia inaendelea. Naye mwenyewe anaitazama kama unavyotazama watoto wa jirani wakicheza.

"Bibi," aliniambia siku ya sita, kwa sauti ya chini kabisa, "nimepumzika wapi mimi?"

Siku ya nane ujumbe ukaingia kwenye simu. Mimi sikusoma, akanisomea. "Umeomba likizo ya ugonjwa, ilhali mashine inaonyesha unaingia kazini kila siku saa moja kasoro dakika mbili. Umeidanganya ofisi. Ajira yako imesitishwa."

"Soma tena."

Akasoma mara tatu, na kila mara lilikuwa lile lile. Akaiweka simu chini. "Kama naingia kila siku, wananifukuzia nini? Na kama siingii, nani anaingia?"

Jioni ile akaja mwenzake wa kazini, yule wanayemwita Mashavu kwa mashavu yake kama maandazi. Hakuvuka hata mlango, akaanza kulia.

"Dada, nilikubonyezea siku moja tu. Ile ya kwanza. Niliogopa Bwana Dakika atakuandika mtoro, barua aisahau kwenye droo."

"Ulibonyeza nini?" nikauliza.

Wakatazamana kama watoto waliokutwa na sukari. Ndipo nikaambiwa. Pale mlangoni kuna mashine, unaibonyeza dole gumba, sauti ya mwanamke inasema "Asante," umeshahesabiwa umefika. Ukichelewa dakika moja, hukuja. Sasa wale wasichana, akili nyingi, walichovya madole yao kwenye nta ya mshumaa ikiwa bado laini, wakamimina gundi, ikakauka. Ukibandua unapata kidole chembamba kama ganda la kitunguu, na mistari yako yote. Kumi na wawili walifanya hivyo, wakaviweka vyote kwenye kopo moja la peremende, nyuma ya mapipa ya sabuni. Mwenzako akichelewa, unachukua chake unambonyezea. Ni upendo ule. Siwalaumu.

"Na mashine ikisema asante," Mashavu akasema, "tunamwitikia mwenzetu. Tunasema, 'Nipo.' Ni utani tu, bibi."

"Mnamwitikia mtu asiyekuwepo?"

Akajifuta machozi.

"Na siku ya pili?"

"Sikubonyeza. Haki ya Mungu, kopo sikuligusa. Lakini tulipoingia tukamkuta mtu kwenye nafasi ya dada, kitambaa cha dada kichwani, analisha mashuka. Tukajua karudi. Tukamsalimia, kimya. Hali. Haendi msalani. Tukitoka jioni tunamwacha, tukija tunamkuta."

"Na uso?"

"Yuko kwenye mvuke, bibi." Alikuwa ananong'ona sasa. "Hakuna aliyesogea kumtazama uso."

"Na Bwana Dakika haoni?"

"Anaona. Anapita anatazama saa."

Hapo nikaelewa. Amefukuzwa mwenye mdomo, amebaki mwenye mikono. Meneja gani atauliza zaidi?

Nikampeleka Kitinda kwa mama mmoja muuza mkaa, ambaye mambo haya anayajua kuliko anavyoyatangaza. Akalishika lile dole gumba, akalinusa, akalirudisha.

"Huyu hana jini."

"Hana?" Nikataka kuchukua mkoba wangu niondoke.

"Kaa chini, mama, una haraka ya wapi? Jini liko kazini kwake. Mmeita 'nipo' mahali pasipo na mtu. Kitu kisicho na makao kikisikia hivyo, kinakaa. Nalo halitaki damu wala nguo nyekundu, linataka nafasi, na nafasi ile bado imefungwa kwenye mwili wa mtoto kwa kile kidole. Nileteeni kidole. Kisha mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba hayupo."

"Na akili yake iliyochoka?"

"Hiyo ya daktari. Vidonge asiache. Mimi nafukuza tu, sishoni."

Kesho yake mchana tukaenda kiwandani, mimi na Kitinda. Mlinzi akabonyezabonyeza ile mashine, akatikisa kichwa. "Siwezi kumwingiza, mama. Mashine inasema yuko ndani."

"Si huyu hapa?"

"Namwona. Lakini yuko ndani. Kila asubuhi inamhesabu kuingia, kutoka haijamhesabu hata mara moja. Nitamwingizaje mtu aliyemo?"

Kitinda akabaki kwenye nguzo ya geti. Mimi nikainua kikapu nilichokuja nacho. "Kama yumo, nipishe basi nimpelekee chakula chake."

Akanipisha.

Ndani kulikuwa na joto la kukausha mate mdomoni, na harufu ya sabuni, na chini ya sabuni harufu nyingine kama ya nywele zilizoungua, na nikapita kati ya matoroli ya mashuka hata nikaliona bomba linazunguka, na mbele yake, amenipa mgongo, mjukuu wangu niliyemwacha getini, bega lake la kushoto limeshuka kidogo kama lilivyo tangu alipoanguka akiwa na miaka minne, kisigino kimepinda ndani ya ndala kama anavyopinda yeye, mikono inakwenda mbele, inarudi, inakwenda mbele, kwa mwendo ule ule niliokuwa nikiuona kwenye kochi langu, na nikajua sitakiwi kuita, nikajua kabisa, lakini mdomo wa bibi una mazoea yake, nao ukaita, "Kitinda?" na kile kitu kikageuza kichwa bila kusimamisha mikono, na uso wake, mwenzangu, ulikuwa wake lakini ulikuwa umepigwa pasi, hauna kunjo la jicho, hauna kunjo la mdomo, umenyooka kama shuka la kitanda kisichowahi kulaliwa, na kutoka mahali fulani katika unyofu ule ikatoka sauti ya mtoto niliyemlea:

"Nipo, bibi."

Kikapu kikanidondoka. Kile kitu kikarudi kwenye kazi yake.

Sijui nilitokaje. Najua Mashavu, kama tulivyopatana, alikuwa ameshapita nyuma ya mapipa akakitoa kidole cha Kitinda kwenye kopo. Getini walimpekua mfuko, viatu, mpaka kitambaa cha kichwani. Nani apekue mashavu? Alikipitisha kidole shavuni, na tulipofika kwa muuza mkaa akakitema kiganjani. "Kilikuwa kinaninyonya, bibi. Kama mtoto mchanga."

Muuza mkaa akakikamata kwa koleo juu ya jiko. "Sema, mwanangu. Sema hupo."

Kitinda akafungua mdomo. "Nipo."

Akajiziba kwa kiganja. Akajaribu tena. "Nipo." Mara ya tatu machozi yanamtoka, shingo imemsimama mishipa, na mikono imeanza, mbele, nyuma, mbele, nyuma. "Nipo, nipo, nipo."

"Upesi," muuza mkaa akasema. "Kimeshasikia."

Nikamkumbatia kwa nyuma mikono ile ikitembea. Akanong'ona, si lile jini, yeye mwenyewe, "Bibi, miaka sita. Nikisema sipo pale, nitakuwa wapi?"

Nikamwambia sikioni, "Kwangu. Utakuwa kwangu."

Akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetoka majini.

"Sipo."

Koleo likaachia. Kidole kikajikunja kwenye makaa, kikalia kama maji yakimwagikia bomba la moto. Nyumba nzima ikanuka nywele. Mikono ya Kitinda ikaanguka mapajani, nayo haikunyanyuka. Akalala siku mbili. Mashavu anasema saa ile ile kiwandani bomba lilipita tupu. Upande wa pili hakikutoka kitu isipokuwa kile kitambaa cha kichwani, kimenyooka, kimekunjwa mara nne.

Shangazi yake aliposikia, baada ya ile miezi miwili ya kununiana, akaja mbio. "Si mnaona! Lilikuwa jini, si akili. Hiyo barua ya daktari ichaneni."

Nikamwambia, "Barua inakaa. Jini lilikuja baadaye. Mtoto alikuwa amechoka kwanza, na sote tulimtazama tu." Akaketi kumsikiliza Kitinda. Ndiyo mara ya kwanza tangu azaliwe.

Kitinda anakula sasa. Anakwenda kwa daktari kila mwezi. Juzi alikwenda kuomba kazi kwingine, wakamtaka dole gumba, mashine ikakataa. Wakalifuta, ikakataa. Yule kijana akalitazama kwenye mwanga, akauliza, "Dada, mistari yako iko wapi?" Nimelishika mwenyewe. Laini kama kipande cha sabuni. Hapa kwangu siku hizi ukiitwa unaitika "abee" au "naam." Lile neno jingine hatulitamki.

Ningeishia hapo, lakini jana Mashavu alikuja tena. Ameacha kazi. Anasema juzi asubuhi, saa moja kasoro dakika mbili, watu bado wako nje ya geti, wakasikia mashine yenyewe inasema, "Asante." Mlinzi akatazama jina. Ni la msichana aliyelazwa, amejifungua Jumapili. Walipoingia, mtu yuko kwenye bomba, analisha.

Kwenye kopo lile vimebaki vidole kumi na kimoja, mwenzangu. Cha Mashavu kimo. Cha mzazi yule kimo. Wewe binti yako anafahamiana nao. Mwambie awaambie, kila mmoja akachukue chake kwa mkono wake, mchana, na akisikia ameitwa mle ndani asiitike. Mimi miguu yangu haifiki tena. Nimekwambia wewe, na wewe usilale nalo. Lipeleke leo.