Gauni Lisilo na Asante

Bi Sindano alikanyaga cherehani tangu asubuhi, lakini akili haikuwa kwenye kitambaa. Mara mbili alishona mkono wa kushoto upande wa kulia. Akafumua.

"Kulikoni?" aliuliza jirani yake, mwalimu wa lugha, aliyefuata suruali yake.

"Mkwe wangu! Nimemshonea gauni siku tatu. Kalipokea, kalivaa, kimya. Hata asante hana! Mimi namshukuru hata kwa maji ya kunywa, naye anainama tu. Sijui nimemkosea nini. Jumamosi namwambia mwanangu wahame."

Mkwe huyo alitoka nchi ya mbali. Mumewe akiwa kazini, yeye na Bi Sindano walisemezana kwa simu inayotafsiri.

"Na hilo gauni analivaa?" aliuliza mwalimu, ambaye aliijua lugha ya mkwe.

"Halivui! Likikauka tu, analo mwilini."

"Basi ndiyo asante yake hiyo. Kwao, asante ni ya mgeni na mwenye duka. Ukimpa mtu wa nyumbani, umemsogeza mbali."

Bi Sindano alichanganyikiwa zaidi. "Mbona simu haikuniambia?"

"Simu hutafsiri lililosemwa. Lisilosemwa je? Ukijifunza lugha ya mtu, unajifunza pia anavyokuona."

"Kumbe kila siku namfukuza kwa asante zangu! Maskini mtoto wa watu!"

Jumamosi hakumwita mwanawe. Alichukua daftari, akaenda darasani kwa mwalimu. Ulimi ulikuwa mzito kama gogo. Nyumbani, mkwe alimsahihisha huku akimshikia pini, na yeye akamfundisha mkwe lugha ya hapa. Walikosea, wakachekana. Simu ikabaki kabatini.

Miezi ikapita. Siku moja Bi Sindano alimpa mkwe wake sketi mpya. Mkwe, akitaka kumfurahisha, akasema kwa ufasaha, "Asante sana, mama."

Bi Sindano aliacha cherehani. Moyo ulimuuma kweli.

"Asante?" aliuliza kwa lugha ya mkwe wake. "Leo nimekuwa mgeni?"

Mkwe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaivaa sketi palepale, juu ya gauni, bila kusema neno.