Goti Changa la Bibi

Juu kabisa kwenye milima ya Upare, ukungu huchelewa kuamka. Huko aliishi Nanzia, binti wa miaka sita. Aliishi na Mama yake na Bibi yake.

Kila asubuhi Bibi alimtania.
"Haya, mke mwenzangu, umeamka?"
"Nimeamka, mke mwenzangu. Shikamoo!"
"Marahaba. Leo nani anachemsha chai, mimi au wewe?"
Nao walicheka, kwa sababu Nanzia hakuruhusiwa kugusa jiko.

Bibi alilima tangawizi. Shamba lake lilikuwa chini, bondeni. Njia ilikuwa ya kushuka, kisha ya kupanda.

Lakini goti la kulia la Bibi lilikuwa linauma.
Bibi akishuka, goti lilisema: Kwaru! Kwaru!
Bibi akipanda, goti lilisema: Kwaru! Kwaru!
"Aah, mguu huu!" alisema Bibi. Akakaa juu ya jiwe.

Bibi na Mama wakaenda hospitali. Daktari Mrutu alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alitazama picha ya goti.
"Bibi, goti hili limelika," alisema. "Dawa umekunywa. Fimbo umetembelea. Sasa tunaweza kukuwekea goti jipya."

"Lini, Daktari?" aliuliza Mama.
"Atasema Bibi mwenyewe. Mguu ni wake."
Bibi akafunga kitenge chake vizuri.
"Bado kidogo," akasema.

Bado kidogo, tuvune tangawizi kwanza. Tangawizi ikavunwa.
Bado kidogo, ng'ombe azae kwanza. Ng'ombe akazaa.
Bado kidogo, mvua ziishe kwanza. Mvua zikaisha.
Na goti? Kwaru! Kwaru!

Jumapili moja Bibi hakwenda kanisani. Jumatatu hakushuka shambani. Alikaa mlangoni, akaitazama njia tu.
Nanzia akaja kukaa naye.

"Bibi, unaogopa sindano?"
"Sindano! Nimezaa watoto saba, niogope sindano?"
"Sasa unaogopa nini?"

Bibi akasema polepole, kama mtu anayetoa siri.
"Naogopa kulala kitandani, mjukuu wangu. Mama yako ana kazi. Nani atanipikia? Nani atanishika mkono? Mimi nimezoea kupikia watu. Kupikiwa sijazoea."

Nanzia akafikiri. Akafikiri mpaka akakunja uso.
"Bibi, goti jipya litatoka wapi?"
"Hospitali."
"Mtoto wa jirani yetu, Mama Kiondo, naye alitoka hospitali."
"Eeh, alitoka huko."
"Basi goti lako litakuwa mtoto mchanga. Na wewe utakuwa mzazi!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.
"Mimi? Mzazi? Na mvi hizi?"

Kule kwao, mama aliyejifungua huitwa mzazi, na mzazi haachwi peke yake. Majirani huja. Huyu anapika, yule anafua, mwingine anachota maji. Mzazi anakula na kupumzika.
Na nani hufika wa kwanza kila mara? Ni Bibi, na chupa yake ya uji wa pilipili manga.

"Nilipozaliwa mimi, nani alimpikia Mama uji?" aliuliza Nanzia.
"Mimi."
"Na Mama Kiondo?"
"Mimi."
"Ulichoka?"
"Nichoke wapi! Nilifurahi."
"Basi waache na wao wafurahi, Bibi."

Bibi aliunyoosha mguu. Alisugua goti lake. Alilisugua tena.
Kisha akasema, "Mwite mama yako. Mwambie ampigie daktari. Njia ni kavu, ng'ombe ana maziwa, na mimi nataka kutembea. Sasa ni wakati."

Daktari akawapa karatasi yenye maneno na picha. Mama akasoma kwa sauti.
"Mikeka inayoteleza iondolewe."
Nanzia akaikunja. Vuruuu!

"Kitanda kiinuliwe."
Fundi akaweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Tofali, tofali, tofali, tofali.

"Choo kiwe na kiti."
Fundi akatengeneza kiti chenye tundu katikati. Nanzia akakaa kukijaribu. Akatumbukia! Wakamtoa kwa kumvuta mikono, huku wakicheka.

"Pawe na watu wa kusaidia," Mama akasoma.
Mama Kiondo akasema, "Jumatatu ni yangu."
Jirani mwingine akasema, "Jumanne msiniguse, ni yangu."
Kila siku ikapata mwenyewe. Bibi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akasema ni moshi, na jiko lilikuwa limezimwa.

Bibi akaenda hospitali. Nanzia akalala kwa Mama Kiondo. Alilala siku moja, siku mbili, siku tatu, siku nne.

Siku ya tano Bibi akarudi! Alishika chuma cha kutembelea chenye miguu minne. Tok. Tok. Tok. Goti lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe.
Nanzia alikuwa na zawadi. Ilikuwa kofia ndogo ya sufu.
"Ya mtoto," alisema. Akaiweka taratibu juu ya goti.

Jumatatu Mama akaenda kazini. Majirani wakaja na vyungu na mabakuli.
"Kula, mzazi!"
"Lala, mzazi!"
Bibi akataka kusimama.
"Wewe! Mzazi hainuki!" akasema Mama Kiondo, akamrudisha kwenye mito.

Jumanne ikawa hivyohivyo. Bibi alitaka kuwaambia kitu. Lakini majirani walikuwa wengi, na kila akifungua mdomo, kijiko cha uji kiliingia.

Jumatano goti lilikuwa gumu kama kuni. Bibi alijaribu kulikunja. Halikukunjika.
"Mke mwenzangu," alinong'ona, "goti limekataa. Labda sitatembea tena."
Chozi likamtoka, na safari hii hakusingizia moshi.

Nanzia akatazama ukutani. Karatasi ya daktari ilikuwa pale. Hakujua kusoma maneno yote, ila picha alizijua. Mtu anakunja goti. Mtu ananyoosha goti. Mtu amesimama. Hakukuwa na picha hata moja ya mtu anayekunywa uji.

Akasimama mbele ya Mama Kiondo.
"Mama Kiondo, shikamoo."
"Marahaba, mwanangu."
"Mtoto wako alisimama?"
"Alisimama, tena mapema!"
"Ulimkataza?"
"Nimkataze kwa nini? Nilimshika mikono."
"Basi na huyu mtoto wa Bibi anataka kusimama. Daktari amechora hapa."

Mama Kiondo akaitazama picha. Akamtazama Bibi. Akapiga makofi.
"Jamani! Sisi tunalea mama, kumbe mtoto tumemfunga kitandani! Bibi, tusamehe."
"Nimewasamehe," alisema Bibi. "Ila uji wenu ulikuwa mtamu."

Mmoja akashika kulia. Mwingine akashika kushoto. Nanzia akasimama mbele, mikono wazi, kama anavyopokelewa mtoto mdogo.
"Dede, Bibi, dede! Simama dede!"
Bibi akasimama. Miguu ilitetemeka. Akapiga hatua moja.

Kuanzia siku ile, kila asubuhi na kila jioni:
"Kunja!"
"Ooo!"
"Pole, Bibi. Nyoosha!"
"Ooo!"
"Pole, Bibi. Dede, Bibi, dede!"

Wiki ile Bibi alifika mlangoni.
Wiki iliyofuata alifika bandani kwa ng'ombe.
Mwezi ukaisha, chuma kikawekwa kando, akashika fimbo.
"Kunja!" alisema Nanzia.
"Nimekunja zamani, mke mwenzangu. Wewe ndiye umechelewa!"

Miezi minne ikapita. Siku moja Bibi akaamka mapema, akavaa ndala, akachukua fimbo na jembe dogo. Alishuka polepole, akiwa peke yake.
Nanzia alikaa akisubiri. Alisubiri mpaka akapelekwa kuoga. Alisubiri mpaka akapelekwa kulala.

Giza lilipokuwa linaingia, mlango ukafunguliwa. Bibi akaingia akinukia udongo na tangawizi mbichi. Akakaa ukingoni mwa kitanda.
"Umefika mpaka chini?" aliuliza Nanzia.
"Mpaka chini. Na nimerudi mpaka juu."

Nanzia akaligusa goti kwa kidole kimoja.
"Limechoka?"
"Limechoka kidogo. Limecheza sana leo."
"Basi lilale," alisema Nanzia.

Akasogea, akampa Bibi nafasi. Akavuta blanketi taratibu, akalifunika goti. Kisha akamfunika Bibi. Kisha akajifunika mwenyewe.

Na wa kwanza kulala alikuwa Bibi.