Kioo Kinachopitisha Maneno

Mgeni alibisha hodi saa moja na nusu asubuhi, Kanyere akiwa anamenya ndizi. Alikuwa na matope mpaka magotini. Kifuani alikumbatia sanduku la kartoni kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Hapa njo kwa Mama Kanyere wa mradi ya maji?" aliuliza.

Kanyere alitazama kwanza viatu vyake, kisha sanduku. Siku hizi mgeni asiyetazamiwa huulizwa maswali kabla ya kupewa kiti. Kwa hiyo alimwuliza jina, na ametoka wapi, na nani amemtuma. Mgeni alijibu yote bila kukasirika. Aliitwa Elikia. Alizaliwa Mbandaka, na serikali ilikuwa imemleta Butembo mwaka huu kwa kazi ya kupiga video. Aliyemtuma ni Simone, msimamizi wa mradi aliyeko Beni. Simone alimpigia simu jana jioni, akasahau kumpigia Kanyere.

"Alisema nikusaidie kuongea," Elikia alisema.

Mlangoni pa karakana, upande wa pili wa ua, Lusenge aliacha kupiga randa. Lusenge ni mume wa Kanyere, naye ni seremala. "Karibu, papa," alisema. "Mimi iko mwaka kumi na ine namusikia anaongea. Mutu wa kumusaidia kunyamaza, huyo njo sijamupata."

Kanyere hakucheka. Leo hakuwa na nafasi ya kucheka.

Kila mwezi alikwenda Beni kueleza kazi ya mradi imefika wapi. Mradi wenyewe ulikuwa wa kufunika chemchemi na kuleta maji kwa bomba katika mtaa wao. Lakini barabara ya Beni ilikuwa imefungwa tangu Jumatatu, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Mkutano ulikuwa leo, saa sita kamili. Huko wangeamua kama mabomba ya awamu ya pili yaje mtaani kwao au yaende kwingine. Basi taarifa ya Kanyere ilipaswa kwenda kwa video.

Mwezi uliopita pia alituma video. Alisoma karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho, kichwa kimeinama. Baadaye Simone alimwambia wazi: "Tuliona kitambaa yako ya kichwa, mama. Uso hatukuona. Batu balianza kuangalia simu zao."

Elikia alifungua sanduku mezani. Ndani kulikuwa na simu, kamera ndogo, kitambaa cheusi, na vipande vya kioo. Pikipiki yake iliteleza kwenye mteremko na kioo kikavunjika.

"Bila kioo hatuna kitu," alisema kwa sauti ya chini.

Lusenge aliokota kipande, akakigeuza mwangani. "Hii ni kioo ya dirisha tu," alisema. Alirudi karakanani. Haikupita nusu saa akaleta kioo kipya alichokikata, pamoja na fremu ya mbao ya kukishikilia.

Elikia aliwaonyesha jinsi chombo kinavyofanya kazi. Wenye kazi hiyo hukiita prompteur. Simu inalala chini, uso wake juu. Kioo kinasimama juu yake kwa kuinama. Maandishi ya simu yamegeuzwa kinyume, ili yakionekana kwenye kioo yawe sawa. Kamera inakaa nyuma ya kioo, imefunikwa kitambaa cheusi. Msemaji anaona maneno yakipanda polepole. Kamera haioni maneno, inaona macho ya msemaji tu.

"Kwa hiyo nitasoma, na watu watadhani ninawatazama?" Kanyere aliuliza.

"Utabatazama kweli," Elikia alisema. "Hapana kudanganya."

Kanyere aliketi mbele ya kioo. Elikia alikuwa ameingiza kwenye simu taarifa aliyoiandika Kanyere mwenyewe, kurasa mbili nzima. Maneno yakaanza kupanda.

Ni vizuri kujua kwamba Kanyere alikuwa msomaji wa masomo kanisani kwa miaka kumi na miwili. Jumapili akisimama kusoma, hata watoto wachanga wananyamaza. Basi alinyoosha mgongo. Akavuta kila neno. Akapandisha sauti mwanzo wa sentensi na kuishusha mwisho wake, kama mtu anayeteremka ngazi. "Kuhusiana na bomba la tatu, utekelezaji ulikumbwa na changamoto za kiufundi." Macho yake yalikimbia kushoto na kulia, kama ya mtu anayetafuta mwizi sokoni. Alipofika mwisho alitua kidogo, akainamisha kichwa na kusema:

"Neno la Bwana."

Mlangoni, randa mkononi, Lusenge aliitikia: "Tumshukuru Mungu."

Elikia aliuma midomo. Kanyere alijifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakatikisika. Safari hii alicheka kweli, lakini kicheko kilikatika haraka. Saa ilikuwa tatu na dakika ishirini.

"Mama, unasoma muzuri sana," Elikia alisema. "Njo shida. Hii maneno, 'utekelezaji ulikumbwa', unasemaka nyumbani?"

"Hapana."

"Donc, basi, kioo haina kosa. Kioo inakukumbusha tu. Ukiandika barua, utasoma barua. Ukiandika maneno ya kinywa, utaongea."

Akamwambia aweke karatasi mbali na amweleze mume wake kazi ya mwezi, kama wanavyozungumza wakila. Kanyere alimgeukia Lusenge. Alimweleza bomba la kwanza, na la pili, na jinsi foleni ya wanawake ilivyopungua. Elikia aliandika yale yale aliyoyasikia. Aliyapanga katika mistari mifupi, maneno manne au matano, ili macho yasikimbie. Kati ya wazo na wazo aliacha mstari mtupu wa kupumulia. Tarakimu aliziandika kwa maneno, nazo zilikuwa chache. Kisha alipandisha meza kwa matofali hadi kamera ikalingana na macho ya Kanyere.

"Na mwendo?" Kanyere aliuliza. "Ile ilikuwa inanikimbiza."

"Mimi niko na kidole hapa. Kioo njo inakufuata, hapana wewe kuifuata. Ukinyamaza, inanyamaza."

Kanyere alijaribu. Alisema mistari miwili akanyamaza ghafla. Maneno yakasimama. Akaendelea, nayo yakaendelea. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mabega yake yalishuka.

"Sasa bomba ya tatu," Elikia alisema. "Ile ya kiufundi. Nani anakaa pale?"

Kanyere alishusha sauti. "Mama Agar," alisema.

"Sawa. Mwambie Mama Agar."

Hapo ndipo ulimi wa Kanyere ulipogoma.

Mama Agar alikuwa mjane wa bondeni. Bomba la tatu lilipita katika shamba lake la maharage, na alikitoa kipande hicho cha shamba bila ubishi. Bomba lilileta maji kwa siku tisa, kisha likakauka. Sasa zilikuwa wiki tatu. Jumapili, watu wakitoka misani, Mama Agar alimshika Kanyere mkono. Hakulalamika. Aliuliza tu kama huko Beni wanajua. Kanyere alimwahidi: "Nitasema, mama. Na nitakuletea usikie na masikio yako."

Ambacho hakumwambia ni hiki. Mtaro wa bomba ulipaswa kufika magotini kwa kina. Kanyere ndiye aliyekuwa na kazi ya kuupima. Siku ile mvua iliwafukuza, vibarua walikuwa wamechoka, naye akaukubali ukiwa nusu ya kina hicho. Akatia sahihi. Kisha lori la mbao likapita juu yake, na bomba likapasuka. Na mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi.

Lusenge aliyajua yote. Alimtazama mkewe, akatikisa kichwa kidogo sana kumkataza.

"Andika hivi," Kanyere alisema bila kumtazama Elikia. "Bomba ya tatu inarekebishwa."

Elikia aliandika.

Walirekodi mara moja tu, na ilitosha. Kanyere aliongea kama anavyoongea uani. Alitabasamu aliposimulia foleni. Alitua palipokuwa na mstari mtupu. Elikia alipoitazama tena, alipiga kofi moja la furaha. Ilikuwa saa nne na nusu. Kwa mtandao wa Butembo, kutuma video kungechukua karibu saa nzima. Muda ulikuwapo, lakini si mwingi.

"Nitume?" aliuliza.

Kanyere alikuwa amegeukia dirisha. Njiani, nje ya ua, mwanamke alikuwa akipanda mlima polepole. Alibeba bidoni ya maji mgongoni, na kamba yake ilimkaza paji la uso. Kila hatua tano alisimama. Alikuwa Mama Agar. Alipomwona Kanyere dirishani aliinua mkono akamsalimu, akapita. Hakuuliza kitu.

"Hapana kutuma," Kanyere alisema.

"Mama?"

"Tuanze tena. Ninafuta ile ya bomba ya tatu."

Lusenge alisogea akasimama karibu naye. Sauti yake haikuwa na mzaha tena alipomwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Joyeuse, fikiri. Mwisho wa mwezi ni kesho kutwa. Ukisema ni wewe, batakuandikia barua ingine ya kazi kweli?"

"Sijui."

"Na batoto?"

"Nilimuahidi, Baba Joyeuse. Na ile neno 'inarekebishwa', nani anairekebisha? Hakuna mutu. Nimesema uongo na uso muzuri."

Lusenge alikwenda kufunga mlango wa karakana, ili nyundo ya mwanafunzi wake wa useremala isisikike.

Elikia alitazama saa. Ilibaki nafasi ya kurekodi mara moja tu. "Hatuna wakati ya kuandika hii yote," alisema. "Lakini hii unaijua ku roho. Nitaweka maneno matatu tu. Yakupe njia, wewe utembee."

Alifuta mstari wa uongo. Mahali pake aliandika: *Mtaro. Lori. Mama Agar.*

"Na kama nitasahau?"

"Utaangalia kioo, utapumua. Kimya kidogo haiue mutu. Nyuma ya kioo uone mutu mmoja tu. Hapana mkutano. Mmoja."

Kanyere alijua ni nani.

Maneno yalianza kupanda. Bomba la kwanza. La pili. Foleni. Kisha kioo kikabaki na yale maneno matatu, na kidole cha Elikia kikasimama. Kanyere alitazama kioo. Akapumua.

"Bomba ya tatu ni kavu tangu wiki tatu," alisema. "Mtaro ulipaswa kufika hapa, magotini. Mimi niliupima. Niliukubali ukiwa nusu, kwa sababu mvua ilikuwa inatufukuza. Lori ilipita, bomba ikapasuka. Kosa ni langu. Mama Agar alitoa shamba lake la maharage ili watu wapate maji. Leo asubuhi nimemwona anapanda na bidoni mgongoni. Tunaomba bomba nene ya kutengeneza kwake kwanza. Kisha mtaro wa awamu ya pili upimwe na watu wawili, si mmoja."

Akanyamaza. Hakusema "Neno la Bwana". Elikia alihesabu hadi tatu, akazima kamera. Video ilianza kwenda saa tano kasoro dakika tano. Wote watatu walikaa wakitazama alama ndogo ikizunguka kwenye simu, kama watu wanaosubiri maji yachemke. Ndizi alizozimenya Kanyere zilikuwa zimebadilika rangi kwenye beseni. Video ilifika saa sita kasoro dakika nane.

Simone alipiga simu saa nane. Alisema hakuna aliyeangalia simu yake safari hii. Mzee mmoja aliomba ile ya bomba la tatu irudiwe. Mabomba ya awamu ya pili yatakuja mtaani kwao, na la Mama Agar litatengenezwa kwanza. Kisha Simone alinyamaza, na Kanyere akajua kwamba bado kuna neno.

Lilikuwepo. Kazi ya kupima mitaro atapewa Stanislas, fundi kutoka Luofu. Kanyere atabaki na kazi ya kutoa taarifa tu, kwa miezi mitatu. Baadaye wataona.

"Nimeelewa," Kanyere alisema. "Asante, Mama Simone."

Lusenge alikuwa amesikia. Hakusema "nilikuambia". Alifuta vumbi la mbao kwenye fremu ya kioo, akampa Elikia aende nayo. "Njia ya kurudi, endesha polepole," alisema. "Kioo ya tatu sina."

Jioni Kanyere aliteremka bondeni na simu mkononi. Mama Agar alikuwa akipepeta maharage mbele ya nyumba. Karibu naye bomba kavu lilisimama, na mtu alikuwa ameanika kitambaa juu yake. Kanyere aliketi kwenye mkeka. Alisema tu kwamba ameleta kile alichoahidi, akafungua video.

Mama Agar alisikiliza na ungo mapajani. Video iliposema *kosa ni langu*, mikono yake ilisimama. Aliposikia jina lake alisogeza uso karibu na simu, kana kwamba kuna mtu ndani aliyemwita. Video iliisha. Kanyere aliinamisha macho. Sasa mama huyu alijua kwa nini alipanda mlima na bidoni kwa wiki tatu.

Mama Agar alichota maharage yaliyokwisha kupepetwa, konzi mbili kubwa, akayamimina kwenye kitenge cha Kanyere.

"Tumshukuru Mungu," alisema.